Uchambuzi: Rumonge, mzigo ulipita lakini mwenye mzigo akazuiwa

Serikali ya Burundi ilipofunga mipaka yake ya nchi kavu na ya majini kuanzia tarehe 11 Januari 2021 ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa COVID-19, ilieleza kuwa mizigo itaendelea kupita. Katika kituo cha Kobero, kwenye mpaka na Tanzania, maana ya maneno hayo haikuleta utata mkubwa: lori linapita, abiria hapiti. Lakini huko Rumonge, mji mdogo wa bandari na soko la samaki ulio takriban kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, maneno hayo hayo yalizua swali ambalo hadi leo halijapatiwa jibu la kuridhisha. Je, mama aliye na madumu matano ya mawese ndani ya boti ni abiria au ni mzigo?

Swali hilo si la kihistoria tu. Tangu wakati huo ukanda wa Ziwa Tanganyika umepitia ugonjwa wa mpox uliotangazwa Burundi Julai 2024, kipindupindu kinachorudi mara kwa mara, na vita vya mashariki mwa Kongo vilivyofika Uvira Desemba 2025. Isitoshe, Rumonge yenyewe imebadilishiwa hadhi ya kiutawala mwaka 2025. Kwa hiyo mfanyabiashara na msafirishaji wa ukanda huu ana sababu ya kutazama nyuma na kujua ni nani hasa aliyeamua riziki yake wakati wa korona, na ni nani atakayeamua safari ijayo.

Amri moja, vituo viwili

Itakumbukwa kuwa Burundi haikufunga shughuli za ndani kama zilivyofanya baadhi ya nchi jirani. Safari za ndege za abiria zilisimamishwa Machi 2020 na uwanja wa Bujumbura haukufunguliwa tena hadi Novemba mwaka huo. Wagonjwa wa kwanza walitangazwa tarehe 31 Machi 2020. Hata hivyo masoko yaliendelea, nyumba za ibada ziliendelea, na kampeni za uchaguzi wa tarehe 20 Mei 2020 zilikusanya maelfu ya watu.

Kwa mtu wa Rumonge, hali hiyo ilikuwa na sura mbili. Upande wa nchi kavu maisha yalionekana ya kawaida: magari ya abiria yalikwenda Bujumbura na kurudi, soko lilijaa, mashamba ya michikichi yalivunwa. Upande wa ziwa mlango ulikuwa umefungwa. Na Rumonge ni mji unaoishi kwa milango yote miwili. Mawese, ndagala na mukeke hutoka hapo kwenda Bujumbura na mikoa ya ndani kwa barabara; lakini bidhaa nyingi na wateja wengi huja kwa maji, kutoka Baraka na pwani ya Fizi upande wa Kongo, kutoka Kigoma upande wa Tanzania, na hata kutoka Mpulungu nchini Zambia kupitia bandari ya Bujumbura.

Amri ya kuruhusu mizigo iliandikwa kwa kumfikiria dereva wa lori na nahodha wa meli kubwa. Hao wana karatasi, wana wakala wa forodha, na mzigo wao unaweza kusafiri bila mwenye mali kuwepo. Mfanyabiashara mdogo wa ziwani hana mgawanyo huo. Yeye ndiye mnunuzi, mpakiaji, mlinzi wa mzigo na muuzaji. Ukimzuia asipande boti, umezuia na mzigo wake, hata kama sheria inasema mzigo uko huru. Hapo ndipo amri moja ilipokuwa na matokeo mawili: Kobero biashara ilipungua kasi, Rumonge biashara ya mikono midogo ilikatika.

Mpaka wenye funguo mbili

Tatizo la pili lilikuwa kwamba mpaka una funguo mbili, na kila nchi ilizungusha wa kwake kwa wakati wake. Kongo ilifunga mipaka yake Machi 2020 na kuifungua tena tarehe 15 Agosti mwaka huo. Tanzania haikufunga mipaka yake ya nchi kavu, lakini iliacha kutoa takwimu za ugonjwa mapema Mei 2020 baada ya kufikia wagonjwa 509, jambo lililowatia majirani wasiwasi. Zambia ilifunga kituo cha Nakonde, mkabala na Tunduma, kwa siku chache Mei 2020. Kenya nayo ilifunga mpaka wake na Tanzania mwezi huo huo isipokuwa kwa mizigo, na madereva wakalazimika kupimwa.

Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walifanya mkutano kwa njia ya video tarehe 12 Mei 2020 kujadili, pamoja na mengine, suala la madereva wa malori. Burundi na Tanzania hazikushiriki. Hivyo basi nchi mbili zinazounganishwa na Kobero, Manyovu na maji ya Kigoma hazikuwa mezani siku suala la usafirishaji lilipojadiliwa. Tena hata walioshiriki walizungumzia lori zaidi. Boti la mbao lenye injini ya kufungwa nyuma halikuwa na msemaji.

Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara wa Rumonge aliyesikia Agosti 2020 kuwa Kongo imefungua hakuweza kufurahi, kwa sababu upande wake ulikuwa bado. Mpaka wa Gatumba na Kavimvira, ulio njia kuu ya miguu kati ya Bujumbura na Uvira, ulifunguliwa tena Juni 2021, na hata hapo kwa sharti la kipimo. Mwenye mtaji wa dola 500 na mwenye mtaji wa dola 50 walilipia kipimo kile kile. Kwa wa kwanza ilikuwa gharama, kwa wa pili ilikuwa ni kufungiwa upya kwa njia nyingine.

Kuna jambo jingine lililokuja kabla ya ugonjwa. Februari 2020 Benki Kuu ya Burundi ilifuta leseni za maduka yote ya kubadilisha fedha za kigeni, na hayakuruhusiwa tena hadi Oktoba 2022. Kwa hiyo korona ilimkuta mfanyabiashara wa mpakani tayari hana mahali halali pa karibu pa kubadilishia shilingi, faranga ya Kongo au dola. Anayechambua hasara ya miaka ile na kuilaumu korona peke yake anasahau mzigo huu wa kwanza.

Habari zilifikaje mtaani

Katika mji mdogo, amri haifiki kwa gazeti la serikali. Inafika kwa mdomo wa mkuu wa tarafa, ikashuka kwa wakuu wa mitaa, ikaishia kwa nyumbakumi. Redio nayo ina nafasi yake, na Rumonge ina bahati ya kuwa na redio ya jamii, Izere FM. Lakini watu hawa wote wanaweza tu kupeleka kile walichopewa, na walichopewa mwaka 2020 kilibadilika haraka.

Mpaka Mei 2020 ujumbe wa viongozi wengi ulikuwa kwamba wananchi wasiogope kwani Mungu anailinda Burundi. Mwezi huo huo serikali ilimtaka mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani pamoja na wataalamu wenzake watatu waondoke nchini. Tarehe 8 Juni Rais Pierre Nkurunziza alifariki dunia. Tarehe 18 Juni Évariste Ndayishimiye aliapishwa, na tarehe 30 Juni alitangaza kuwa korona ndiyo adui mkubwa wa Burundi. Bei ya sabuni ya bluu ikapunguzwa kwa nusu, na mapema Julai kampeni ya kupima watu wengi ikaanza.

Mkuu wa mtaa aliyekuwa akiwatuliza watu mwezi Mei alitakiwa kuwahimiza kunawa na kupimwa mwezi Julai. Wachache wanaweza kumlaumu kwa kupoteza sauti. Ila kwa mfanyabiashara, somo ni kwamba mahali ambapo ujumbe unageuka, uvumi ndio unaopanga bei. Ikivuma kwamba boti hazitavuka kesho, dumu la mawese linashuka bei Rumonge na kupanda ng'ambo jioni hiyo hiyo. Anayefaidika ni yule mwenye ghala na subira, na anayeumia ni yule anayehitaji kuuza leo ili ale leo.

Lipo pia suala la lugha. Matangazo ya serikali hutoka kwa Kifaransa na Kirundi. Lakini lugha ya boti ni Kiswahili. Nahodha kutoka Baraka, mpakiaji kutoka Kigoma na mnunuzi wa Rumonge wanaelewana kwa Kiswahili, na mji wenyewe una wakazi wengi wanaokizungumza nyumbani. Tangazo la Kiswahili lililobandikwa bandarini, lenye tarehe, mhuri na orodha ya kinachoruhusiwa, lingeokoa safari nyingi za bure na maneno mengi na askari.

Tarafa iliyokaa kwenye mizani

Ni rahisi kuwaona viongozi wa tarafa kama watu wa kutoza na kukataza. Ukweli ni kwamba nao walikuwa wamebanwa. Mapato ya tarafa za Burundi hutegemea sana ushuru wa soko na ushuru wa mazao yanayotoka. Katika miaka hiyo serikali kuu ilikuwa ikiitengea kila tarafa faranga milioni 500 kwa mwaka, lakini fedha hizo zililenga miradi ya maendeleo. Usafi wa soko, maji na ulinzi wa mialo ni kazi za kila siku zinazohitaji mapato ya kila siku.

Kwa maana hiyo tarafa ya pwani iliyofunga mwalo wake ilikuwa inafunga na mfuko wake mwenyewe, katika wakati ambao ilitakiwa kutumia zaidi kwa ndoo za kunawia na sabuni. Huu ndio mvutano ambao hauonekani kwenye matangazo ya mji mkuu. Wizara inahesabu wagonjwa, tarafa inahesabu meza za soko zilizo tupu.

Kuna kinaya kingine hapa. Mafuta ya mawese ni miongoni mwa malighafi za sabuni, na Rumonge ndiyo kitovu cha michikichi nchini Burundi. Serikali ilipohimiza kila nyumba kuwa na sabuni, ilikuwa inahimiza soko la zao la Rumonge. Hivyo ugonjwa huo ulifunga mlango wa ziwani na wakati huo huo ukaonyesha thamani ya bidhaa iliyo mlangoni. Wenye mashamba na wenye mitambo ya kukamulia walikuwa na pa kushika. Wachuuzi wa kuvuka maji hawakuwa napo.

Mialo isiyo na geti

Afisa yeyote wa forodha anafahamu kwamba ukifunga bandari hujafunga ziwa. Ziwa Tanganyika lina urefu wa takriban kilomita 670, na sehemu ya Burundi ni kama asilimia 8 tu ya eneo lake, lakini pwani hiyo ndogo ina mialo mingi ya wavuvi kuanzia Magara na Minago hadi Karonda, na kuendelea kusini Nyanza-Lac mpaka Kabonga, karibu na kijiji cha Kagunga upande wa Tanzania. Boti la uvuvi linalotoka usiku na taa zake linaweza kurudi na ndagala. Linaweza pia kurudi na kitu kingine.

Bandarini kuna dawati la afya, kuna maji ya kunawa, kuna mtu wa kuandika majina. Vituo vya aina hiyo vilikuwa vimeshaimarishwa tangu hofu ya Ebola ya Kivu, kiasi kwamba Agosti 2019 watumishi wa mstari wa mbele walichanjwa Gatumba. Mwaloni usiku hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo kila mtu anayesukumwa kutoka bandarini kwenda mwaloni ni mtu aliyetolewa kwenye macho ya daktari na ya mkusanya ushuru kwa mpigo mmoja. Zuio linalolenga kulinda afya likikazwa bila njia halali kwa mdogo, linaishia kuzaa njia isiyo na kinga yoyote.

Kwa msafirishaji hatari ni kubwa zaidi. Boti linalovuka kwa kificho linapakia kupita kiasi, linasafiri bila orodha ya abiria, na likipata ajali hakuna anayejua ni wangapi walikuwamo. Mzigo wake ukikamatwa hauna karatasi ya kuudai.

Funzo la Kagunga

Ukanda huu ulikuwa na somo la karibu ambalo halikutumiwa. Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walijikuta wamebanwa katika kijiji cha Kagunga, kati ya milima na ziwa. Kipindupindu kikalipuka na watu wasiopungua 30 wakafa. Meli ya MV Liemba iliwahamisha kwenda Kigoma, kama abiria 600 kwa safari, na kwa kuwa hapakuwa na gati, boti ndogo za wenyeji ndizo zilizowatoa watu ufukweni hadi melini.

Yaani siku ya dharura, boti ndogo ndizo zilizokuwa daraja. Hakuna aliyeziuliza kama ni abiria au ni mzigo. Zilifanya kazi. Kilichowezekana kwa wakimbizi mwaka 2015 kingeweza kupangwa kwa wachuuzi mwaka 2021: boti zilizosajiliwa, siku maalumu, idadi maalumu ya watu, na majina kuandikwa pande zote mbili.

Mfano mwingine ulikuwa Goma na Gisenyi, kwenye mpaka wa Kongo na Rwanda. Njia ya miguu ilipofungwa mwaka 2020, akina mama wachuuzi waliunganisha bidhaa zao na kuzipakia kwenye gari moja lililoruhusiwa kuvuka. Utaratibu huo uliokoa sehemu ya biashara, lakini nao ulikuwa na bei yake. Aliyebaki nyuma hakuona mali ilivyouzwa, ikabidi amwamini mwakilishi aliye ng'ambo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kweli makundi yasiyokuwa na daftari huvunjika mapema.

Rumonge si mkoa tena

Jambo linalofanya mjadala huu kuwa wa leo ni mabadiliko ya utawala. Rumonge ilifanywa mkoa Machi 2015. Kwa miaka kumi mji huu ulikuwa na gavana wake, na mfanyabiashara mwenye malalamiko ya bandari aliweza kuyafikisha kwa miguu. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Utaratibu huo ulianza kutumika mwaka 2025 baada ya uchaguzi wa Juni, na sasa Rumonge ni tarafa ndani ya mkoa wa Burunga, wenye makao makuu Makamba, mji wa milimani usio na mwalo.

Mabadiliko haya yanaweza kusomwa kwa namna mbili. Kwa upande mmoja, gavana amekwenda mbali na ziwa, na ombi la mvuvi litapanda ngazi ndefu zaidi. Kwa upande mwingine, tarafa mpya ni kubwa kuliko ya zamani, na mkuu wake ana eneo na mapato mapana zaidi. Aidha Rumonge na Nyanza-Lac, ambazo zamani zilikuwa katika mikoa miwili tofauti, sasa ziko chini ya gavana mmoja. Amri ya mialo inaweza kuwa moja kuanzia Rumonge hadi Kabonga. Kama uwezo huo utatumika kuwapangia wachuuzi njia au kuwafungia kwa pamoja, hilo linategemea nani atakayekuwa mezani inapoandikwa.

Nini cha kudai mapema

Jambo la kutia moyo ni kwamba ipo mifano ya kufunga bila kuua. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Uliuma, lakini ulikuwa na tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na mwenye mtaji mdogo aliweza kujipanga. Mwaka huo huo, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa Agosti 2024, biashara ya mipakani haikufungwa kama wakati wa korona, ingawa Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Kumbe ugonjwa na biashara vinaweza kusimamiwa kwa pamoja.

Kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wa pwani hii, mambo manne yanafaa kudaiwa sasa, kabla ya dharura nyingine. Kwanza, mchuuzi anayesindikiza bidhaa zake mwenyewe atambuliwe kwa maandishi kuwa ni sehemu ya mzigo. Utaratibu rahisi wa biashara wa Afrika Mashariki, unaohusu bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, tayari unampa sura ya kisheria, na Kongo kujiunga na Jumuiya mwaka 2022 kumefungua uwezekano wa kuutumia pande zote za ziwa. Pili, kila amri ya kufunga iwe na tarehe ya kupitiwa upya, na ibandikwe bandarini na mialoni kwa Kiswahili pia. Tatu, ushuru wa meza na wa mwalo usimame siku ambazo mlango umefungwa. Nne, vyama vya boti viwe na orodha ya vyombo, manahodha na zamu, ili siku ikifika tarafa iwe na mtu wa kuzungumza naye.

La nne halihitaji ruhusa ya Bujumbura wala ya Makamba. Desemba 2025, Uvira ilipoangukia mikononi mwa M23, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi, baadhi yao wakivuka ziwa hadi pwani ya Rumonge, na hofu ya kipindupindu ikaja nao. Kila mlipuko ukitokea ng'ambo, boti za Rumonge ndizo za kwanza kuguswa. Chama chenye daftari la boti zake kitaitwa kupanga safari. Kisicho nalo kitasomewa amri.